MREJESHO: Mapato ya kaya Sengerema, hesabu zimekaa hivi

Asanteni wakuu. Niliuliza namna ya kukadiria midiani ya mapato ya kaya (yaani mapato ya kaya iliyo katikati ukizipanga zote) vijijini Sengerema, wilaya ya Mkoa wa Mwanza, kwa miaka tofauti. Mliosema nisitumie wastani mlikuwa sahihi: wenye mitumbwi na injini wachache wanaupandisha bure.

Kosa la kwanza lilikuwa mipaka. Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza hadi 2012, kwa hiyo "Mwanza" ya utafiti wa bajeti ya kaya wa 2007 siyo ya ule wa 2017/18. Linganisha kata kwa kata.

Pili, utafiti huo una kaya chache mno, hautoshi kwa ngazi ya wilaya. Tengeneza modeli ya logi (logariti) ya matumizi, yanayosimama badala ya mapato, kwa vitu vilivyomo pia kwenye sensa (paa, sakafu, elimu, ukubwa wa kaya), kisha itumie kukadiria matumizi ya kila kaya ya sensa. Kwenye kila kadirio rudishia makosa ya modeli (tofauti kati ya kadirio na hali halisi) kwa bahati nasibu, mara 100 hivi. Usipofanya hivyo kaya zote zinasogea katikati.

Dagaa ndio walinisumbua. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi wa usiku hazivuti kitu, na shajara ambayo kaya zilijaza kwenye utafiti wa 2017/18 ilikuwa ya siku 14 tu, kwa hiyo inaweza kuangukia wiki nzuri au mbaya. Usizidishe mapato ya wiki hizo kufikia mwaka, shika matumizi.

Bado fahirisi ya bei, ili shilingi za miaka tofauti zilingane.