Nyumba ya wazazi Tabata inauzwa: turekebishe nini kwanza, na nini tukiache kilivyo?

Mtoto wa Tabata

Habari za leo wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo linalotugawa sisi ndugu watatu. Wazazi wetu wamestaafu na wameamua kurudi Moshi, kwa hiyo nyumba yao ya Tabata, ambayo baba alianza kuijenga mwaka 1998 na kuhamia mwaka 2003, itauzwa. Ina vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na banda dogo la uani, juu ya kiwanja kilichopimwa chenye hati kwa jina la baba. Barabara inayofika getini ni ya vumbi, lakini gari linapita mwaka mzima.

Mabati yamepauka, na dari la chumba kimoja lina madoa ya maji. Ukuta wa nyuma umeliwa na chumvi hadi usawa wa kiuno: rangi imevimba, na plasta inapukutika ukiigusa kwa kidole. Sakafu ni ya saruji nyekundu, makabati ya jikoni ni yale yale ya mbao yaliyowekwa na baba, na madirisha ni ya nondo na nyavu.

Tumechangishana shilingi milioni 9. Kaka anataka fedha yote iende kwenye jiko la kisasa lenye meza ya graniti, dari la jipsamu sebuleni na vigae sakafuni, kwa kuwa anaamini mnunuzi akikuta nyumba inang'aa hatabishana sana juu ya bei. Dada anasema tusiguse kitu, tuuze ilivyo na tupunguze bei. Mama, kwa upande wake, ametuambia wazi kwamba hataki mnunuzi afichwe chochote. Kwa fedha hii na hali hii, ninyi mngeanzia wapi?

Mthamini wa Siku Nyingi

Ndugu yangu, nimefanya kazi ya uthamini muda mrefu, na ningependa mjiulize kwanza ni nani atakayeinunua nyumba hiyo, ndipo mjiulize inahitaji nini. Zipo sehemu za Tabata ambako mnunuzi analipia ardhi tu, na akishakabidhiwa anabomoa ili ajenge fremu za biashara au jengo la kupangisha. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, graniti ya kaka yako ni kifusi cha kulipia lori likakitupe. Nendeni kwa madalali wawili au watatu wa mtaa wenu, bila kumkabidhi yeyote kazi bado, muulize nyumba zilizouzwa karibuni jirani yenu zilinunuliwa na watu gani, kisha mpite wenyewe muone kama bado zimesimama. Majibu hayo yatawaelekeza kuliko maoni yetu sote hapa.

Ikionekana kwamba wanunuzi wa eneo lenu ni familia zinazotaka kuhamia, hasa zinazokopa benki, hesabu inabadilika. Benki itamtuma mthamini aliyesajiliwa, na mthamini huyo ataangalia mahali, ukubwa wa kiwanja, huduma za maji na umeme, na uimara wa jengo. Katika njia mojawapo tunayotumia, tunakadiria gharama ya kujenga jengo kama hilo leo, kisha tunaondoa uchakavu. Paa linalovuja na ukuta unaopukutika vinaongeza uchakavu huo moja kwa moja, wakati jiko jipya ndani ya nyumba yenye ukuta mbovu haliongezi thamani inayokaribia gharama yake.

Pia naona hamjataja karatasi, nami naziweka mbele ya mafundi wote. Hakikisheni kodi ya ardhi imelipwa hadi mwaka huu, kwa sababu deni lake hukwamisha uhamisho wa umiliki. Kwa kuwa hiyo ni nyumba ya ndoa, mama lazima aridhie mauzo hata kama hati ina jina la baba peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda katika hilo, na mnunuzi makini ataomba ridhaa hiyo kwa maandishi. Alama za mipaka ya kiwanja zitafutwe na kusafishwa zionekane. Hakuna lolote kati ya hayo linalogharimu kama dari la jipsamu, lakini nimeona mauzo mengi yakivunjika kwa ajili ya mambo hayo.

Halafu tunzeni stakabadhi za EFD, yaani zile za mashine ya kodi, za kila mfuko wa saruji na kila bati. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkaazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, na gharama za kuboresha nyumba zenye ushahidi huondolewa wakati wa kukokotoa faida hiyo. Kazi aliyolipwa fundi mkononi bila karatasi ni vigumu kuitetea.

Fundi Paa na Kuta

Nakubaliana na mzee hapo juu, nami niongeze namna ya kuchunguza kabla hamjatoa hata shilingi moja, kwa sababu ugonjwa wa paa na ugonjwa wa ukuta mara nyingi huwa na chanzo tofauti na kile mwenye nyumba anachokidhania.

Kwa paa, mtu apande juu ya dari saa sita mchana wakati jua ni kali, azime tochi na atulie mpaka macho yazoee giza. Popote penye tundu ataona mwanga ukipenya, na mara nyingi atakuta ni kwenye misumari iliyolegea au ambayo mpira wake umekauka na kupasuka. Ikiwa ni hivyo, kubadilisha misumari na mabati machache kunatosha, hamna haja ya kuezeka upya. Akiwa huko huko, agongegonge mbao za kenchi na atafute njia za mchwa, maana mchwa akishaingia kwenye kenchi, mabati mapya yatakuwa fedha iliyopotea.

Kwa ukuta, kateni kipande cha nailoni chenye upana wa sahani kubwa, mkipachike sehemu ambayo plasta bado imeshika na mkizibe pande zote kwa utepe, kisha mkiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumbani, na dawa yake ni madirisha kufunguliwa. Kama maji yanatoka ukutani, tafuteni yanakoanzia kabla ya kuita mpiga plasta. Huenda udongo wa nje umepanda juu ya msingi, au bomba la bafuni linavuja chini kwa chini, au maji ya paa yanaangukia mguuni mwa ukuta ule. Chanzo kikishazibwa, plasta yote iliyooza ibanduliwe kupita kidogo pale chumvi ilipofikia, matofali yapigwe brashi kavu na kuachwa yakauke vizuri, ndipo ipigwe plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Fundi atakayewaambia apake rangi ya mafuta juu ya chumvi ili ukuta upendeze hadi siku ya kuuza, msimpe kazi. Chumvi hurudi, na mnunuzi atakuwa amekwisha hamia.

Mnunuzi wa Kinyerezi

Mimi nilikuwa upande wa pili: nilitafuta nyumba muda mrefu hadi nikapata. Nyumba iliyonitia shaka kuliko zote ilikuwa imepakwa rangi mpya ukuta mmoja tu, na kabati kubwa likasogezwa mbele yake. Niliomba lisogezwe, mwenyeji akasita, nami nikaaga. Kwa hiyo mama yenu ana hoja ya kibiashara pia.

Ningemwongezea mthamini jambo moja ambalo naona amelipita haraka, nalo ni choo na bafu. Kila nyumba niliyoingia nilifungua mabomba yote, nilivuta maji ya choo, kisha nilitoka nje kuomba chemba ifunuliwe nione kama maji yanapita au yamesimama. Mke wangu alikuwa akifanya hivyo hivyo jikoni. Kabati la zamani lililo safi, lenye milango inayofunga, halikutukimbiza hata mara moja, kwa sababu kila familia itataka kuweka jiko la kuipendeza yenyewe. Sakafu ya saruji nyekundu nayo iacheni, isuguliwe na kupigwa nta. Harufu ya maji taka uani ndiyo iliyotukimbiza.

Mtoto wa Tabata

Nawashukuru sana wote. Nimewasomea wazazi majibu haya, na baba amesema nyumba mbili za mtaani kwetu zilizouzwa hivi karibuni bado zinakaliwa na familia, kwa hiyo tumekubaliana kuanza na misumari ya paa na ukuta wa nyuma, kisha chemba na mabomba. Kaka ameridhia kuacha jiko. Mama atatia sahihi ridhaa mbele ya wakili. Limebaki swali moja: rangi tupake nyumba nzima au tuache?

Fundi Paa na Kuta

Pakeni nyumba nzima ndani, rangi moja nyepesi, lakini baada ya plasta mpya kukauka kabisa, maana ikipakwa mapema itavimba tena. Ndiyo maana ukuta ule uanze sasa, kabla ya mvua za vuli. Kabla ya kupiga plasta, pigeni picha za ukuta ukiwa umebanduliwa na chanzo cha maji kikiwa kimezibwa, mziweke pamoja na stakabadhi, mnunuzi akiuliza mumwonyeshe.