Mabaki ya bustani mwisho wa msimu: tuyachome, tuyafukie, tuyatandaze au tuyaozeshe?

Tuta_la_Kati
Wakuu, habari za kazi. Bustani ya mita 10 kwa 12, mavuno yamekwisha. Kumebaki mashina ya nyanya, mabua ya mahindi, maharage yaliyokauka, visiki vya kabichi na magugu ya kila aina. Kupanda tena ni baada ya wiki 10. Naomba mnilinganishie njia nne: kuchoma, kufukia palepale, kutandaza juu ya matuta, na mboji. Ipi inarudisha rutuba, ipi inamaliza magonjwa, na ipi itawahi?

Mzee_wa_Mboji
Kwa rutuba, mboji haina mpinzani, ila iwe ya mabaki mazima tu, yasiyo na ugonjwa. Na wiki 10 zinatosha ukikubali kugeuza.

Lundo lisipungue mita 1 kila upande na mita 1 kwenda juu. Dogo zaidi ya hapo halishiki joto. Mabua yakatekate vipande vya sentimita 5 hadi 10. Bua zima linaweza kukaa lundoni msimu mzima likakutazama tu. Chini weka vijiti ili hewa ipite, halafu panga: makavu sentimita 20, mabichi sentimita 10, samadi sentimita 3 hadi 5, nyunyiza maji, rudia. Chukua konzi moja uikamue: yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakitiririka umezidisha.

Chomeka chuma kirefu katikati. Siku ya nne au ya tano kitoe ukishike; kama unaweza kukishikilia kwa raha, lundo halijapata joto. Unataka nyuzijoto 55 hadi 65. Geuza kila wiki, ya nje yaende ndani, mara 4 au 5, kisha liache lipoe wiki 4. Likinuka kama mkojo, mabichi yamezidi, ongeza makavu. Likinuka yai viza, maji yamezidi na hewa hakuna. Likikaa baridi bila harufu yoyote, ama ni kavu ama samadi ni haba. Usipogeuza kabisa, hesabu miezi 6 na zaidi.

Reki_na_Uma
Naunga mkono, ila kufukia kusidharauliwe, kunaokoa mgongo. Shida yake ni moja: mabua ya mahindi yana kaboni karibu mara 60 ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni ya udongo kwanza, na miche yako inageuka njano kuanzia majani ya chini. Watu huanza kupiga dawa wakidhani ni ugonjwa, kumbe ni njaa. Kwa hiyo katakata, changanya na samadi, fukia sentimita 15 tu (ukienda chini sana hewa haifiki), na udongo ubaki na unyevunyevu. Baada ya wiki 6 chimbua kidogo uangalie: kipande kikikatika kwa vidole, panda. Udongo ukiwa mkavu wiki zote hizo, hakijaoza kitu, hata kalenda iseme nini.

Maharage usiyang'oe. Kata usawa wa udongo, mizizi iozee humo humo.

Mkasi_Mkali
Wakuu, mnasema "mabaki mazima" bila kumwambia mwenzetu atayajuaje. Hapo ndipo watu wengi wanapopanda ugonjwa upya kwa mikono yao.

Nyanya ing'oe na mizizi yake, usikate. Ukiona vinundu vinundu kama shanga kwenye mizizi, hiyo ni minyoo fundo. Mizizi yote itoke, isiende lundoni wala kufukiwa. Visiki vya kabichi vilivyovimba kama vidole vya tangawizi navyo usiviguse mboji: vimelea vya uvimbe ule hukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Kama nyanya zilinyauka zikiwa bado kijani, fanya kipimo hiki. Kata kipande cha shina la chini, sentimita 5 hivi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini izame, usitikise. Ndani ya dakika chache zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ni mnyauko bakteria. Mashina hayo choma. Lakini moto hausafishi udongo, bakteria bado wamo. Tuta hilo lisipate nyanya, viazi, bilinganya wala pilipili kwa miaka 3 au zaidi; weka mahindi au jamii ya nyasi. Viazi vilivyosahaulika ardhini vitoe vyote, ndimo bakajani (ugonjwa wa kuunguza majani ya viazi na nyanya) inamojificha kusubiri msimu.

Mkasi na jembe ufute kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kuhamia tuta jingine. Hilo husahaulika kila mara.

Reki_na_Uma
Mkasi umesema kweli. Kwa hiyo kuchoma kubaki kwa wagonjwa tu. Ukichoma yote, naitrojeni, kaboni na sehemu kubwa ya salfa vinaondoka na moshi. Unabaki na potasiamu na chokaa kidogo.

Ndago_Sugu
Magugu nayo mafungu mawili. Yasiyo na mbegu, lundoni. Ndago na sangari, hapana: vitunguu vya ndago na mizizi ya sangari vikikosa joto la kutosha vinachipua ndani ya mboji, na wewe unavisambaza bustani nzima kwa koleo. Vianike juani juu ya bati mpaka vikatike kama vijiti, au vizamishe kwenye pipa la maji wiki 6. Pipa lifunikwe, harufu yake si ya mchezo, na mbu pia.

Tuta_la_Kati
Nimeelewa. Na kutandaza? Je, kwa wenye majira ya baridi kali?

Majani_Makavu
Kutandaza ni kulinda udongo zaidi kuliko kuulisha. Sentimita 5 hadi 8, ukiacha upana wa kiganja kutoka kwenye shina, la sivyo shina linaoza na konokono wanapata nyumba. Penye mchwa wengi, mabua yatandaze mbali na miche.

Kwenye baridi kali, majani yanayopukutika yakatekate kwanza. Mazima yakilowa yanashikana kama mkeka na maji hayapenyi. Yakiozeshwa peke yake huchukua mwaka hadi miwili. Lundo la mboji likiganda, usihangaike nalo, litaamka joto likirudi. Wiki 2 au 3 kabla ya kusia mbegu, sogeza matandazo pembeni ili udongo upate jua.

Tuta_la_Kati
La mwisho. Majivu ya mashina niliyochoma niyamwage lundoni pamoja na samadi?

Mzee_wa_Mboji
Hapana, amonia itapaa na umepoteza samadi. Yanyunyize tutani, konzi 1 au 2 kwa mita ya mraba, samadi ifuate wiki kadhaa baadaye. Tuta la viazi liruke kabisa, majivu hukaribisha gaga (ugonjwa wa magamba kwenye ngozi ya viazi).