Tumelipa elfu tatu kuingia bustani ya umma hapa Dodoma, tukakosa hata pa kukaa

Mbukwenyi wakuu.

Nimejizuia siku tatu kabla ya kuandika, maana ningeandika Jumapili ile ile ningefungiwa. Uzi ni mrefu. Asiye na muda arudi baadaye, ataukuta.

Mama yangu anaishi Bahi. Kila baada ya miezi miwili anakuja mjini kliniki ya sukari. Anafika Jumapili, analala kwangu Chang'ombe, Jumatatu alfajiri tunawahi foleni. Kwa hiyo Jumapili mchana ni ya kwetu wawili, na miaka yote tumeimalizia kwenye bustani ya katikati ya mji. Sitaitaja jina. Mkazi wa Dodoma ameshaijua, na asiyeishi hapa jina halitamsaidia. Mama alikuwa na benchi lake chini ya mjohoro mmoja mkubwa. Anafungua chupa ya chai ya mkandaa, anatoa karanga zake kwenye khanga, anatazama watu wanavyopita. Hiyo ndiyo starehe yake ya mjini. Hajawahi kuniomba nyingine.

Jumapili hii tumefika getini, mimi, mama na mtoto wa dada yangu wa miaka sita, mlinzi akanyoosha mkono. "Elfu moja moja, dada. Na mtoto pia."

Nikadhani anatania. Nikauliza tangu lini, akaniambia ni ya hivi karibuni. Tangazo liko wapi? Akanionyesha karatasi imebandikwa kwa gundi kwenye nguzo, haina nembo, haina saini, haina muhuri, imeandikwa KIINGILIO 1000 na chini yake HAKUNA KUINGIA NA CHAKULA WALA VINYWAJI KUTOKA NJE. Basi.

Sasa wakuu, mimi kazi yangu ni kushika vitabu vya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Si mhasibu wa vyeti vikubwa, lakini risiti naijua kama mama ntilie anavyoujua moto. Dukani kwetu mteja akitoka na misumari ya elfu tano bila risiti ya mashine, bosi halali. Nikatoa elfu tatu, nikaomba risiti. Mlinzi akaangalia huku na huku, akatoa kitabu kile cha dukani cha karatasi ya kaboni, kile anachonunua yeyote mwenye elfu mbili mfukoni, akaandika kwa kalamu "watu 3". Jina la mpokeaji hakuna. Namba ya risiti 0047.

Hapo ndipo nilipochelewa kuingia. Nikamwambia mama asubiri kidogo kwenye kivuli cha kibanda, nikasimama pembeni nikajifanya naongea na simu. Nusu saa. Nimehesabu vichwa 83 vimelipa na kuingia. Kitabu kimeandikwa risiti mbili tu, yangu na ya mzee mmoja aliyeanza kupaza sauti. Watu 79 hela zao zimeingia kwenye mfuko wa begani na hazikuandikwa popote. Yule mzee alikuwa na mkewe na wajukuu wawili, yaani kwenye kitabu wapo wanne, nami na wangu hatumo kwenye hao 83. Nimeshapiga na kurudia, wala msinisahihishe.

Malipo ya umma nchi hii siku hizi hayapiti kwenye begi la mtu. Unapewa namba ya malipo ya tarakimu 12, unalipa kwa simu au benki, fedha inaingia moja kwa moja inakotakiwa. Mama anayeuza mchicha sokoni anakatiwa ushuru wake kwa kimashine na karatasi inatoka. Mchicha wa mia tano una mashine, bustani ya jiji haina?

Haya, tukaingia. Ndani kuna sendofu ya mtu. Maturubai yamesimikwa juu ya ukoka wote wa upande wa kati, vyuma vimechomekwa ardhini, gari la muziki limeegeshwa juu ya mizizi ya mwarobaini, na lori la kreti za bia linarudi nyuma kwa honi huku watoto wanakimbia. Saa nane mchana, jua la Oktoba la Dodoma mnalijua. Nikamtafutia mama benchi lake. Benchi hakuna. Mjohoro wenyewe hakuna! Pana kisiki kimesawazishwa usawa wa pevingi kama vile hapajawahi kuwa na kitu. Nilipozunguka nikakuta visiki vitatu, na mabenchi yote ya zege ya upande ule yameng'olewa. Badala yake kuna viti vya plastiki vyekundu. Nikamketisha mama kwenye kimoja, hata hajaweka mgongo sawa, kijana mwenye aproni akaja. "Samahani bibi, hivi ni vya wateja wa vinywaji."

Mama ana sukari. Soda hanywi, bia hajawahi. Nikasema basi tuletee maji, nikaambiwa chupa ndogo ni elfu moja mia tano. Mama akanishika mkono, akasema, "Tutoke mwanangu. Hapa pamepata wenyewe."

Chai yake amenyweshwa kwenye kingo ya barabara, bajaji zinampita puani, na huku mkononi nina risiti ya elfu tatu ya mahali palipomfukuza. Hiyo picha haijanitoka. Mnaosema nina povu, ndiyo, nina povu, na leo litawafikia wahusika.

Tuanze na miti, kwa sababu kiingilio kinaweza kufutwa kesho kwa karatasi nyingine ya gundi, ila mjohoro wa miaka thelathini haurudishwi na mtu.

Nilipomuuliza kijana wa usafi kwa nini imekatwa, alisema majani na maua yake ya njano "yanachafua pevingi". Jamani. Mti umekatwa kwa kosa la kuangusha majani. Palipokatwa wamepanda ile miti ya mapambo, mirefu, myembamba, inayosimama kama askari wa gwaride, kivuli chake hakimtoshi kuku. Na hii iliyobaki wameizungushia zege hadi kwenye shina. Pevingi imekumbatia gogo pande zote, hakuna hata upana wa kiganja wa udongo. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Mti wa hapa unakunywa miezi mitano kisha unakaa saba na kiu. Ukiziba ardhi kwa zege, hata ile mitano umeunyang'anya. Maji ya Januari yanateleza juu ya pevingi yanakwenda mtaroni, halafu Septemba tunashangaa mwarobaini, mti usiokufa kwa ukame, unakauka kuanzia kileleni. Na wanaupaka chokaa nyeupe shinani kila anapokuja mgeni.

Halafu kuna miche. Ile iliyopandwa msimu uliopita, mnakumbuka, wakubwa na suti na majembe mapya yenye utepe, picha kila kundi la wasapu. Mimi nilifurahi, nisiwe mnafiki. Jumapili nikaenda kwenye ile safu. Nimekuta vijiti. Nimevuta kimoja kikatoka chote kwa vidole viwili, na mizizi yake bado imo ndani ya kiriba. Kiriba cha nailoni, wakuu! Walichimba shimo la kina cha bakuli, wakatumbukiza mche na nailoni yake, wakafukia, wakapiga picha, wakaondoka. Nimevuta vitano, vitatu vilikuwa na kiriba. Bibi yeyote wa kijijini Chamwino anajua kwamba nailoni inachanwa kwanza.

Na hii imetokea kwenye mji gani? Mji uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukachorewa mpango kabambe wa 1976 ambao ndani yake mji ulikusudiwa uwe wa bustani, mtu atembee kwa miguu kivulini badala ya kuhangaika na magari. Desemba 2017 Makamu wa Rais wa wakati ule, ambaye leo ndiye Rais, alizindua hapa hapa kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Aprili 2018 tukaitwa jiji. Kijani chenyewe kimekuja, siwezi kubisha: wamemwaga nyasi za plastiki mbele ya jukwaa la bustani. Ziguse saa nane mchana uone.

Kuna watu nimewaonyesha haya ana kwa ana wakanijibu kwamba bustani lazima ijiendeshe, maji ni ghali, Dodoma maji ni ya mgao. Maji najua ni shida, naishi Chang'ombe, nani wa kunifundisha mgao? Mji unategemea sana visima vya bonde la Makutupora kule Mzakwe, na watu tumetoka 410,956 kwenye sensa ya 2012 hadi 765,179 ya 2022. Lakini wakuu, Ijumaa jioni nilipita pale nikitoka kazini, nikaona mpira wa maji umefunguliwa wanaosha pevingi ili sendofu isikute vumbi. Zaidi ya nusu saa mpira unamwaga. Yakaishia mtaroni, na mti wa kwanza kiu yake iko hatua nne kutoka pale. Maji ya kuoshea zege yapo. Ya mti ndiyo yana mgao.

Na kama bustani inajiendesha, sawa, tuone hesabu. Shughuli moja inalipiwa shilingi ngapi? Inalipwa kwa nani? Kiingilio cha wikiendi moja ni boza ngapi za maji? Mimi ni mtu wa leja, nikiona upande wa mapato hauandikwi najua upande wa matumizi ni hadithi.

Msiniambie sikufuata utaratibu. Mwezi wa nane, nilipoona mabenchi ya upande wa mashariki yameondolewa, niliandika barua. Ofisi ya kwanza wakasema bustani iko chini ya ofisi ya pili. Ofisi ya pili wakasema kuna mzabuni, nimuone yeye. Mzabuni ni nani? "Hiyo ni siri ya mkataba." Nikarudi ofisi ya kwanza, nikaacha barua masjala, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilitaja kabisa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 za kujibu. Leo ni siku ya 61. Nimepigiwa simu mara moja tu, na aliyepiga aliuliza mimi ni mwanachama wa chama gani.

Chama changu ni kliniki ya Jumatatu, bwana mkubwa.

Mlinzi wa getini msimtukane, nawaomba. Nilipotoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajalipwa mishahara ya miezi mitatu, na kwamba begi lile jioni analichukua mtu wa pikipiki asiyemjua jina. Naamini. Uso wa mtu anayeiba naufahamu, nimekaa kaunta miaka kumi na moja, na ule haukuwa wenyewe.

Ninachotaka ni kidogo tu. Mkataba wa mzabuni ubandikwe getini mahali pa ile karatasi ya gundi, wenye jina na kiasi. Mabenchi yarudi, hata ya mbao. Zege livunjwe kuzunguka mashina, upana wa mita moja kila upande, kazi ya mafundi wawili na nyundo kwa siku mbili, bei ya saruji na ya vibarua nazijua, wasinidanganye. Na ifanyike kabla ya Desemba, mvua isije ikapita tena juu ya pevingi. Ibara ya 27 ya Katiba inanipa wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Nimelinda kwa barua imeshindikana.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa pale na madumu mawili ya maji. Mwenye dumu lake aje. Hatuandamani, hatuna bango, tunamwagilia mti.

NYONGEZA, Jumamosi saa tano: Tumekuwa tisa. Asanteni, hasa yule mkuu wa Nkuhungu aliyekuja na mkokoteni na madumu kumi na mawili ya kwake. Hatukuingia. Getini kulikuwa na mlinzi mpya, yule wa mwanzo simwoni, na kama anasoma hapa naomba anitumie ujumbe. Huyu mpya ametuambia madumu hayaruhusiwi. Nikamuuliza kwa nini, akaenda kupiga simu, akarudi, akatuonyesha ile karatasi kwenye nguzo. Vinywaji kutoka nje.

Nikamwambia haya maji hatunywi sisi, ni ya miti. Akasema maelekezo hayasemi kinywaji cha nani.

Tumemwagilia mwarobaini mmoja ambao shina lake liko karibu na uzio, kwa kupenyeza mpira kati ya nondo. Madumu manne yameingia. Yaliyobaki tumemwagia miche ya nje, kwenye kingo ya barabara, pale pale alipokaa mama.