Tupeane uzoefu: sabuni ya kunyolea ikibaki kijipande, povu zito unalitoaje?

Kidevu cha Kirumba
Mwangaluka wakuu. Sabuni yangu ya kunyolea imebaki ukingo tu, katikati chini ya kikombe panaonekana. Nazungusha brashi, yanatoka maji meupe yenye mapovu makubwa makubwa, na yanakauka shavuni kabla wembe haujafika kidevuni. Marehemu mzee wangu alikuwa anatumia sabuni mpaka inakwisha kabisa, na povu lake lilikuwa linasimama hadi siku ya mwisho ya kipande. Wenye ndevu ngumu na ngozi ya vipele kama mimi, mkifika hapo mnafanyaje?

Bwana Shabu
Nunua nyingine mkuu. Ukimaliza kunyoa pitisha shabu, maisha yaendelee.

Fundi wa Makoroboi
Usitupe mwanangu. Nimenyoa watu tangu enzi za viti vya mbao, na nakuambia hicho kijipande hakijapungua nguvu. Kilichobadilika ni kwamba sasa kinateleza, brashi inakisukuma huku na huku badala ya kukisugua. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kilegee, kisha ukigandamize kwa kidole gumba chini ya kikombe, ukiache usiku kucha. Asubuhi kimeng'ang'ania.

Halafu brashi. Watu wengi wanakosea hapa. Ikung'ute mpaka isidondoshe maji, ndipo uizungushe kwenye sabuni bila haraka. Usikimbilie povu. Subiri ncha za brashi zishike kitu kizito kinachonata kama uji wa mtoto. Ukishakipata hicho, hamia usoni, chovya ncha tu kwenye maji, zungusha, chovya tena. Povu likianza kung'aa na mapovu makubwa yakapotea, simama hapo hapo.

Mtoto wa Nyegezi
Fundi kamaliza. Tatizo ni maji mengi, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Mama Wawili Igoma
Shikamoo Fundi. Mimi sina ndevu ila sabuni za baba watoto nazitunza mimi. Kipande kikiwa chembamba nakilowesha, nakibandika juu ya sabuni mpya upande ulio bapa, nakigandamiza. Siku mbili tatu vimeshikana, hakuna kilichopotea. Na bei za sasa jamani, nani anatupa sabuni?

Mzee wa Mche
Mnahangaika bure. Kata kipande cha sabuni ya mche, changanya humo humo. Povu utalikimbia mwenyewe.

Mama Wawili Igoma
Kaka yangu, sabuni ya kufulia usoni? Halafu kesho mnakuja kuuliza dawa ya vipele.

Mzee wa Mche
Baba zetu walinyolea hiyo hiyo na hawakufa.

Mkemia Buhongwa
Hawakufa, ila mada ni kunyoa vizuri. Sabuni ya kunyolea ina asidi ya steariki, yaani asidi itokanayo na mafuta, kwa wingi, na mara nyingi hutengenezwa kwa alkali ya potasiamu, au potasiamu na sodiamu pamoja. Potasiamu inafanya sabuni iwe laini na iyeyuke upesi, steariki inafanya povu liwe zito na likae. Sabuni ya mche ni ya sodiamu, imeundwa kung'oa uchafu. Povu lake linaruka haraka na kuzimika haraka, na ngozi inabaki imekauka.

Jambo la pili ni maji. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, madini yake ni machache, ndiyo maana anayetumia bomba la kutoka Capri Point, yanakovutwa maji ya ziwa hapa Mwanza, sabuni kidogo inamtosha. Ukitumia kisima chenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, madini hayo yanashikana na sabuni yanakuwa utando wa kijivu, na sabuni nyingine inapotelea humo. Kipande kikiwa kikubwa huoni hasara. Kikiwa kidogo unaiona.

Bwana Shabu
Mkuu unaongelea bomba lipi? Njoo huku milimani Mabatini uone kama maji yanapanda kila siku. Tunanyolea maji ya ndoo.

Mkemia Buhongwa
Ndoo ikijazwa bomba lilipotoka, maji ni yale yale. Sijasema yanatoka kila siku.

Mvuvi Mstaafu Ukara
Mada imenigusa, acheni niseme. Kabla sijahamia mjini nilikuwa kinyozi kwenye kambi ya dagaa. Mnaozijua kambi mnajua: mbalamwezi ikikomaa kazi inasimama, taa haivuti dagaa ziwa likiwa jeupe. Siku hizo ndizo watu wanakwenda kwao, na hakuna anayetaka kufika kwa mkewe na ndevu za mwezi mzima.

Sasa mtumbwi wa bidhaa haukuja, ziwa limechafuka. Sabuni yangu imebaki ukubwa wa ukucha, foleni imetoka nje ya banda. Nimemkalisha nahodha mmoja, mtu mzito, nimemaliza shavu la kushoto, la kulia povu limekauka. Naongeza maji, linakuwa maji. Nyuma kijana mmoja analalamika kwamba mtumbwi wake unaondoka. Mara akanyoosha mkono akavuta bakuli. Nahodha akainuka ghafla, na wembe wangu uko chini ya koromeo lake.

Niliurudisha mkono kwa nguvu, ukapita kwenye kiganja changu cha pili. Damu yangu ikamrukia nahodha shingoni juu ya povu jeupe. Mtu akapiga yowe, "Kachinjwa!" Hapo kasia likanyanyuliwa, bakuli likapinduka, sabuni ikazama mchangani. Mzee wa kambi ndiye aliyesimama katikati akamfuta nahodha shingo kwa kanga ya mama ntilie, kila mtu aone kwamba hana jeraha.

Watu walipotulia, mzee yule yule akakitafuta kile kipande, akakiosha ziwani, akakikwangua kwa ncha ya kisu mpaka kikawa unga. Akamlowesha nahodha ndevu vizuri, akaupaka ule unga moja kwa moja kwenye ndevu, kisha akasugua kwa brashi yenye unyevu tu. Povu likasimama pale pale usoni! Likamtosha nahodha, na kwa wembe mwingine likamtosha yule kijana.

Mtoto wa Nyegezi
Daah! Kiganja kilishonwa?

Mvuvi Mstaafu Ukara
Kilifungwa kitambaa tu. Kidole cha mwisho hakikunji vizuri mpaka leo.

Dada wa Pasiansi
Pole sana kaka. Na yule kijana aliwahi mtumbwi?

Mvuvi Mstaafu Ukara
Aliondoka na nahodha huyo huyo.

Kidevu cha Kirumba
Pole mkuu. Hiyo ya kukwangua naijaribu kesho.

Fundi wa Makoroboi
Pole mwanangu. Ila vijana, brashi moja kwa watu wawili isiwe mazoea. Brashi inabeba fangasi na damu kama wembe unavyobeba. Nyumbani kila mtu awe na yake.

Abuu wa Mlango Mmoja
Na muulize ni ya manyoya gani. Nyingi za bei nafuu ni za nguruwe, na wauzaji hawasemi. Sisi wengine hatugusi.

Bwana Shabu
Brashi ni brashi tu.

Abuu wa Mlango Mmoja
Kwako wewe. Kwangu ni dini, na nimeuliza kwa heshima.

Fundi wa Makoroboi
Yuko sahihi, usimbishie. Abuu, chukua ya nyuzi za plastiki. Hailowekwi muda mrefu, inakauka haraka, na haifyonzi maji, kwa hiyo kwenye kijipande inakutolea povu upesi kuliko ya manyoya.

Mwenyeji wa Sengerema
Huku tunatumia kisima, na huo utando wa kijivu naujua. Nifanyeje?

Mkemia Buhongwa
Kinga maji ya mvua, hayo ni laini. Kiangazi chemsha ya kisima, yaache yatulie, mimina ya juu tu. Ugumu ukiwa wa ile aina inayoacha magamba meupe ndani ya sufuria, sehemu kubwa itabaki chini. Yakibaki vuguvugu, tumia hayo hayo kulowesha ndevu.