Chuo, jeshi au karakana ya mjomba? Naomba ulinganisho

Kijana_wa_Mota:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 17, mtihani wa mwisho wa sekondari uko karibu. Mama anataka niende chuo nikasomee uhandisi wa umeme, na alama zangu za fizikia si haba. Baba anasema jeshi: mshahara upo, nidhamu ipo, na kusoma nitasoma humohumo. Mjomba ana karakana ya kufunga upya mota zilizoungua, yeye anasema nianze hata kesho. Ukweli ni kwamba kwa mjomba ndiko ninakokupenda. Nilinganishieni, maana nyumbani kila mwamba ngoma anavutia kwake.

Mzee_wa_Magwanda:
Mwanangu, mimi jeshi limenilea, sitalisema vibaya. Lakini hayo mambo matatu usiyaweke kwenye mstari mmoja. Jiulize: nikiona hapanifai, natokaje? Kazini unaandika barua ya notisi. Chuoni unaahirisha au unahama kozi. Jeshini ukishakula kiapo, kuondoka kabla ya muda bila ruhusa ni kosa la kijeshi na unaweza kufungwa. Na muda wenyewe usiishie kwenye namba ya kwanza unayotajiwa. Marekani, kwa mfano, anayejiunga mara ya kwanza hubanwa kwa jumla ya miaka 8. Hata akitumikia 4 kambini, inayobaki yumo kwenye jeshi la akiba na anaweza kuitwa. Kila nchi ina masharti yake, soma ya kwenu.

Jingine ni fani. Wanaoandikisha watakwambia utakuwa fundi umeme. Wewe tafuta kwenye mkataba kama fani hiyo imetajwa, au kumeandikwa tu kwamba utapangiwa kulingana na mahitaji ya jeshi. Anayesaini hilo la pili asije akalalamika akipangiwa kupika jikoni.

Kapuku_Sugu:
Dogo nenda jeshi. Kula bure, kulala bure. Uzi ufungwe.

Mama_Mapacha:
Kapuku, bure ipi hiyo ya kuamshwa saa kumi alfajiri? Mwache mtoto aambiwe la maana.

Dada_Udahili:
Mdogo wangu, nafanya kazi ya udahili. Vyuo vingi humruhusu aliyekubaliwa kuahirisha kuanza, mara nyingi kwa mwaka mmoja, akiomba mapema. Kwa hiyo kuomba chuo hakukuzuii kwenda kwa mjomba. Kinachonipa shaka ni hilo la baba la "kusoma humohumo". Linawezekana kweli. Marekani, waliotumikia muda wa kutosha kuanzia Septemba 11, 2001 hulipiwa hadi miezi 36 ya masomo. Ila mwaka wa kwanza wa uhandisi umejaa kalkulasi, na aliyekaa miaka mingi bila kugusa hesabu anaanza kwa kuhangaika na mambo ambayo wewe leo unayajua usingizini. Ukiingia jeshini ukitaka chuo baadaye, uwe na mpango wa kuzishika hizo hesabu.

Fundi_Koili:
Niseme na mimi kuhusu hiyo karakana, maana watu wanaidharau. Mota iliyoungua unaifungua, unakata koili za zamani, unahesabu mizunguko ya waya koili moja baada ya nyingine, unapima unene wa waya kwa maikromita, ndipo unafunga mpya na kuipaka vanishi. Ukipunguza mizunguko, mota inachemka hata bila mzigo na mteja anarudi kabla hujala hela yake. Huo ni ufundi kamili.

Shida ni karatasi. Ukitoka pale bila cheti, wanaokujua ni mjomba na wateja wake. Ujerumani mwanagenzi hufundishwa kazini na shuleni kwa zamu, miaka 2 hadi 3 na nusu, huku analipwa, na mwisho anafanya mtihani unaotambulika nchi nzima. Muulize mjomba kama kuna chombo kitakachokupima na kukupa cheti. Kama kipo, mimi naiweka karakana juu ya jeshi. Kama hakipo, hicho ni kibarua kizuri cha kukushikilia huku ukisubiri chuo.

Kijana_wa_Mota:
Asanteni sana. Cheti hajawahi kukitaja, nitamuuliza. Halafu kuna jambo sikulisema. Juzi mjomba alinipa nyaya nizipange, nikachanganya za kahawia na za kijani. Alicheka, akasema nina haraka. Ila si mara ya kwanza.

Fundi_Koili:
Dogo, hilo ndilo ungeanza nalo! Nenda ukapimwe uwezo wa kuona rangi. Unafunguliwa kitabu chenye maduara ya vitone vya rangi, ndani yake kuna namba. Mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani haioni, au anasoma nyingine. Ni dakika chache. Mara nyingi hali hiyo hurithiwa, na wanaume ndio wengi. Ukikutwa nayo hujafukuzwa kwenye umeme, mambo mengi ya mota tunapima kwa mita ya umeme. Lakini rezista, vile vijipande vya kuzuia umeme ambavyo ukubwa wake unasomwa kwa milia ya rangi, zitakutesa, na wapo waajiri wanaokataa.

Mzee_wa_Magwanda:
Jeshini urubani kwa kawaida unafungwa hapohapo, na fani kadhaa za umeme na mawasiliano pia, kutegemea jeshi lenyewe. Uchunguzi wao wa afya utaligundua tu. Ni heri ufike pale unajua, kuliko kuonyeshwa fani zilizobaki wakati kalamu iko mkononi na baba amekaa pembeni anatabasamu.

Dada_Udahili:
Fomu ya chuo usiisubirishe majibu ya macho. Tarehe ya mwisho haiongezwi.

Kijana_wa_Mota:
Ya chuo naijaza leo usiku. Baba amekubali nikapimwe macho kwanza, ndipo tuulizie jeshi. Aliyenuna ni mjomba, anasema rangi atanifundisha mwenyewe.