Mnaouza "nafasi ya meli ya mizigo" baada ya treni ya TAZARA, acheni kula hela za watu

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa ajira za melini. Ni mambo mawili tofauti.

Wakuu, kuna matangazo yanazunguka kwenye magrupu, kila yakifufuka yana namba mpya ya simu lakini maneno ni yaleyale: treni ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, basi hadi Durban, Afrika Kusini, kisha meli ya mizigo "inakuchukua kama abiria" mpaka Ulaya, viza mtaongea mbele kwa mbele. Hela unatanguliza kwa simu. Tena utume na ya kutolea!

Kinachoudhi ni kwamba chai hii imetiwa maziwa ya kweli. Treni ipo. Meli za mizigo zilizobeba abiria zilikuwepo. Kwa hiyo mtu anaingia mtandaoni, anakuta nusu ya maneno ni sahihi, anatuma hela. Basi tuivunje kipande kwa kipande.

Treni kwanza. Dar hadi New Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Upana wa reli ni milimita 1,067, sawa na Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini, na hapo ndipo tapeli anapopata mdomo: "reli ni moja mpaka Durban." Kwa behewa la shaba, sawa, linaweza kuvuka. Kwa binadamu mwenye tiketi ya kawaida, hapana. Hakuna treni ya abiria ya ratiba inayokutoa Kapiri ikakufikisha Afrika Kusini. Iliyopo ni ile ya kitalii ya Rovos Rail, ambayo nauli yake ni maelfu ya dola, na anayeweza kuilipa hahitaji dalali wa WhatsApp.

Ukishuka New Kapiri Mposhi hujashuka kwenye stesheni ya Zambia Railways. Ni stesheni mbili, zimeachana kama kilomita mbili. Kuanzia hapo ni basi: Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge, Johannesburg, Durban. Ukijumlisha mpaka wa Tunduma na Nakonde, ambako Uhamiaji wa pande zote mbili hupanda humohumo ndani ya treni kugonga mihuri, una mipaka mitatu ya kuvuka, na kila mpaka una masharti yake ya pasi na siku za kukaa. Na ukiingia Zambia saa inarudi nyuma moja. Wengi hujikanganya hapo na muda wa basi.

Sasa sikiliza ahadi ya dalali: "Treni inatoka Ijumaa, meli inang'oa nanga Alhamisi inayofuata." Mtu anayejua reli ile hawezi kusema hivyo. Njia ni moja. Kati ya Mlimba na Makambako inapanda milima, mahandaki na madaraja yamefuatana, mvua ikishusha udongo au behewa la mizigo likiacha reli, kila kilicho nyuma kinasimama hadi winchi ifike. Kuna nyakati huduma ya abiria imesimama kabisa. Mwenye akili hupiga simu stesheni kabla ya kufunga begi, na hapangi jambo lolote lisilohamishika ndani ya siku mbili tatu baada ya muda wa kufika. Meli ya kontena haisubiri mtu. Inakaa gatini kwa saa, ikizidi sana siku moja au mbili, na kila saa ina gharama.

Haya, tuje kwenye meli yenyewe, maana ndiko hela zinakoliwa.

Kwa mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, SOLAS, meli ikibeba abiria zaidi ya 12 inahesabika kuwa meli ya abiria, na masharti yote yanabadilika: maboti ya kuokolea, milango ya moto, kila kitu. Ndiyo maana meli za mizigo zilizokuwa zikipokea abiria ziliishia 12, nyingi zikichukua wawili hadi sita. Ukiona tangazo linasema "nafasi 30 zimebaki," funga simu.

Na wale wachache walisafiri vipi? Kwa wakala wa safari anayejulikana, wakiandikiwa miezi kabla. Bei ilikuwa kama yuro 100 kwa siku pamoja na chakula, kwa hiyo ukijumlisha wiki kadhaa za safari, ndege ni rahisi zaidi mara nyingi tu. Cheti cha daktari kilikuwa lazima, kwa sababu melini hakuna daktari. Sheria inadai daktari meli ikiwa na watu 100 au zaidi kwenye safari ya kimataifa inayozidi siku tatu; hii ya mizigo ina mabaharia ishirini na kitu. Bima lazima, umri una kikomo, mjamzito hachukuliwi. Viza ya nchi unayoshukia inaangaliwa kabla hujapanda, kwa sababu ukikataliwa kushuka, mzigo wa kukurudisha ni wa mwenye meli. Hakuna nahodha atakayekubali "viza mbele kwa mbele." Hayupo.

Halafu ikaja 2020. Korona ilipoingia, kampuni nyingi zilifunga mlango kwa abiria, na chache tu ndizo zilizoufungua tena. Tangu mwishoni mwa 2023, baada ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tapeli anaona meli zimeongezeka kusini anasema "nafasi zimeongezeka." Meli kupita mbele ya Durban haina maana inaingia Durban, achilia mbali kukufungulia ngazi.

Ngazi hiyo nayo ina mlinzi. Tangu Julai 2004 kanuni za usalama wa meli na bandari, ISPS, zinataka kila anayepanda aandikwe, kitambulisho kikaguliwe, sababu ya kupanda ijulikane. Kabla ya kuondoka nahodha anapeleka orodha ya mabaharia, na kama kuna abiria, orodha ya abiria peke yake. Ukiwa huna jina kwenye mojawapo, wewe si abiria. Wewe ni mzamiaji.

Ndiko mpango unakoishia. Ukifika Durban hela imekwisha, unaambiwa "kuna jamaa wa bandarini atakuingiza." Tuseme wazi kinachoua huko, bila kuficha. Tundu la usukani, juu ya mkia wa meli, linaonekana pakavu meli ikiwa tupu. Ikishapakia inazama chini zaidi, na bahari ikichafuka mawimbi yanajaa humo. Chemba ya mnyororo wa nanga: nanga ikishushwa, mnyororo ule hauachi mtu. Ngama, yaani chumba cha mizigo cha meli, yenye magogo, makaa ya mawe au vyuma chakavu huishiwa hewa ya oksijeni kimyakimya, na yenye nafaka huenda imepigwa dawa ya fosfini. Hata mabaharia wenyewe hawaingii humo bila kupima hewa. Kontena likishafungwa halifunguki kwa ndani.

NYONGEZA, maana maswali yamekuwa mengi:

Aliyeuliza "mimi sitaki kuwa abiria, wameniambia nitasafiri kama baharia": mkuu, baharia ana kitabu cha baharia, ana cheti cha afya, na ana mafunzo ya msingi ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi na wajibu, pamoja na ya ulinzi. Bara unasoma chuo cha bahari kama DMI cha Dar na nyaraka zinapitia TASAC, shirika la serikali linalosimamia meli. Zanzibar mamlaka yao ya bahari ni ZMA. Kenya ni KMA. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Unachoweza kujilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi. Hata gharama ya viza ni ya mwenye meli. Anayedai "ada ya kuunganishwa" amejitambulisha mwenyewe.

Aliyetumiwa jina la meli na namba ya IMO (namba ya kudumu ya utambulisho wa meli) "kama uthibitisho": ipige hesabu kabla ya kuitafuta. Namba ina tarakimu saba. Zidisha sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2 kwa mpangilio huo, jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ile ya saba. Mfano 9074729: 63, 0, 35, 16, 21, 4, jumla 139, inaishia na 9. Imelingana. Ya kubuni mara nyingi hulala hapo. Ikilingana, bado angalia meli iko wapi kwenye tovuti za kufuatilia meli. Matapeli wanapenda kunakili namba ya meli halisi, unakuta iko China.

Anayetaka treni tu hadi Kapiri, bila mambo ya meli: daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Wanaume na wanawake hutenganishwa isipokuwa mmenunua chumba kizima. Kwacha badilisha kidogo tu kwa wale wanaopanda mpakani, na hesabu noti mwenyewe kabla hujatoa zako.

Aliyekwisha kutuma hela: usifute meseji hata moja. Piga simu kwa mtandao wako sasa hivi waizuie, kama bado haijatolewa. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako, mtandao utaihitaji. Namba ya huyo tapeli na ujumbe wake tuma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania. Na akikupigia kusema "ongeza kidogo ya kibali cha bandari nikurudishie zote," usiongeze hata mia.