Jamaa kachimba msingi kwenye kiwanja cha marehemu mzee na hati anayo, nitafute wakili au nianzie kata?

Mtoto_wa_Isyesye:
Mwagonile wakuu. Naombeni mawazo maana usingizi hamna. Marehemu mzee wetu alinunua kiwanja Isyesye hapa Mbeya mwaka 2009 kwa mzee mmoja mwenyeji wa pale, wakaandikishana kwa mkono mbele ya mwenyekiti na mashahidi watatu, karatasi ninayo. Mzee kafariki 2019, sisi watoto kila mtu na mihangaiko yake, mimi niko Makambako kwenye parachichi, kiwanja tukamwachia jirani awe analima mahindi ili pasionekane pori. Sasa wiki iliyopita jirani kanipigia, jamaa kashusha mawe na mchanga na mafundi wameshachimba msingi. Nimepanda gari usiku huohuo, kufika jamaa wala hana wasiwasi, katoa hati kabisa ina jina lake, anasema kauziwa na vijana wa yule mzee aliyemuuzia baba (mwenyewe naye alishafariki), alafu urasimishaji (ule wa kupima maeneo ambayo hayajapimwa) ulipopita yeye ndo akapimiwa, sisi hatukuwepo.

Nimeongea na wakili mmoja mjini kanitajia milioni mbili na nusu ya kuanzia. Bro wangu anasema hizo hela za kutupa, twende baraza la kata tukasikilizwe bure. Nani yuko sahihi?

Mzee_wa_Tukuyu:
Pole kijana. Mimi niko upande wa bro wako. Hapa kwetu niligombana na jirani juu ya mpaka wa migomba miaka mitatu, hatusalimiani hata msibani, mwisho tukaitana kata, wakaletwa wazee wawili wanaojua mpaka tangu enzi za babu zetu, tukatembea shambani, saa nane mchana tumemaliza tunakula pamoja. Wakili hata angekuja asingeruhusiwa kusimama, pale kata mawakili hawasikilizwi. Mambo ya mpaka, njia, ng'ombe kula mahindi, hayo usimpe mtu milioni.

Karani_Mstaafu:
Mzee wa Tukuyu umeongea vizuri kwa kesi yako, ila ya huyu kijana sio ya migomba. Nimekaa masjala ya baraza miaka mingi, ngoja nieleze nilichokua naona watu wanaumia nacho.

Kwanza kata siku hizi haitoi hukumu. Toka sheria ibadilishwe 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, siku 30. Wakishindwa wanakuandikia kwamba usuluhishi umeshindikana, na hiyo karatasi ndo unaenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, bila hiyo hawakupokei, labda kata wenyewe wazembee mpaka siku 30 ziishe. Sasa jiulize, mtu mwenye hati mkononi na mafundi wanaendelea kupanga tofali, atakaa kusuluhishwa na wewe kwa lipi? Atakuja anakunywa soda anaondoka.

Pili, na hili ndo wengi hawalijui, unataka nini hasa? Ukidai tu jamaa atoke, baraza la wilaya linatosha ilimradi thamani ya eneo haizidi milioni 300. Ila ukitaka hati yake ifutwe, lazima uwaunganishe waliotoa hati, yani Kamishna wa Ardhi na Msajili wa Hati, na ukishamgusa serikali umemgusa Mwanasheria Mkuu, hapo ni Mahakama Kuu na unatoa kwanza notisi ya siku 90. Halmashauri nayo toka 2020 ni hivohivo. Nimeona watu wanashinda baraza la wilaya alafu kwenye rufaa yote yanafutwa kwa sababu aliyetakiwa kushtakiwa hakushtakiwa. Kuchagua hiyo njia sio kazi ya kubahatisha, hapo ndo hela ya wakili inapokua na maana.

Tatu, nani msimamizi wa mirathi ya baba yenu?

Dada_Mafinga:
Hilo la mirathi acha kabisa!! Sisi shamba la miti la baba huku Mufindi, ekari kumi na kitu, baba mdogo kauza miti na ardhi yake. Tukamshika mtu anajiita wakili, suti nzuri, ofisi ilikua kwenye stationari ya mtu, kumbe kishoka. Kafungua kesi kwa jina la mama kama mjane, tumeenda tarehe zinaahirishwa, mwaka na miezi nane, siku ya siku wakili wa upande wa pili kasimama dakika tano tu, kauliza mama barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi. Hamna. Kesi ikaondolewa na gharama tukaambiwa tulipe sisi. Miti ilishapandishwa kwenye malori zamani. Tumerudi Mahakama ya Mwanzo kuanza mirathi upya ndo tukafungua tena na wakili wa kweli. Kabla hujatoa hata mia ingia e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, uangalie jina lake kama yupo, mimi nilikuja kuijua nimeshalizwa.

Mtoto_wa_Isyesye:
Duh. Mirathi hatukufungua, tulikaa kikao cha ukoo tu tukaandika muhtasari. Kwahiyo muhtasari hausaidii?

Karani_Mstaafu:
Unasaidia, ndo unaoupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo kuonyesha ukoo umependekeza nani. Ila wenyewe peke yake haumpi mtu nguvu ya kushtaki wala kuuza. Na hapohapo pana silaha yako, hao vijana waliomuuzia jamaa nao waliuza kama nani? Kama baba yao kafa na hawakua na usimamizi, na isitoshe baba yao alishauza 2009, walikua wanauza kitu ambacho sio chao. Hati ni ushahidi mzito lakini haisafishi kila kitu.

Muda usikutishe sana, kudai ardhi ni miaka 12, na nyie mlikua mnalima kupitia jirani mpaka juzi. Kinachokukimbiza ni msingi. Nyumba ikishapanda mpaka linta kila mtu anaanza kumwonea huruma mjenzi. Muulize wakili kuhusu zuio, na kama mnaenda njia ya Mahakama Kuu kuna maombi wanaita Mareva, yanaombwa wakati siku 90 bado zinatembea ili jamaa asimame kujenga.

Kijana_wa_Kihesa:
Naongezea kidogo kutoka Iringa. Mimi ningekua na hela ndogo nisingelipa milioni mbili na nusu mara moja, ningelipia kwanza ushauri tu, akae na karatasi zako saa moja akwambie nani afungue, wapi, dhidi ya nani. Pia aombe upekuzi wa hati kwa Msajili muone ilitoka lini na kwa nyaraka zipi. Kuna wasaidizi wa kisheria pia, bure, wanajua kuandika maombi ya mirathi vizuri tu. Ila ukiona mambo kama hati mbili, serikali, au benki imekuletea notisi ya siku 60 ya nyumba ya ndoa ambayo mkeo hakusaini mkopo, hapo hata kesho ni mbali.

Mtoto_wa_Isyesye:
Asanteni sana. Bro kakubali, Jumatatu tunaenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari, na nimeomba nikae na wakili kwa ushauri tu, kasema laki moja. Mashahidi wa 2009 wawili bado wapo hai, mmoja yuko Uyole.

Karani_Mstaafu:
Huyo wa Uyole mfuate wiki hii, usisubiri kesi. Na jirani akupigie picha za msingi leo zikiwa na tarehe, mahindi yaonekane pembeni kabla hawajayang'oa.